Karatasi Nilisinye na Weye Uko Juu ya Plafon

Bahati, mbanda wangu, mujukuu na muke mwenza wangu,

Kaa chini kwanza. Najua weye unasoma umesimama, mukono kwenye kiuno, kama mutu mwenye kupima kitenge ya jirani na macho. Kaa. Barua ni ndefu. Nilianza kuiandika mbele majani ya sombe iive kwenye chungu, na sasa sombe imeungua, nitaila vile vile. Na usicheke maandiko yangu. Masista walinifundisha miaka tatu tu, kisha baba yangu akasema mwanamuke mwenye kujua kuhesabu kuku anatosha. Kuku zenyewe ziliibiwa. Maandiko ilibaki.

Kesho unaenda na Mama Jeanne, mwenye kukuficha kwake, mpaka Tchomia, na kutoka kule boti ya wachuuzi wa samaki itakuvusha kwa shangazi yako, ngambo ya ziwa. Ningekuja kukuaga, lakini wale watu wa bunduki wananichunga. Nikitoka mpaka kwenye kisima, kuko mumoja anafunga kamba ya kiatu ambaye hana kamba. Njo maana nakuandikia, na barua Mama Jeanne atakuletea leo mangaribi, ameificha kwenye kitunga, chini ya samaki. Kama inanuka, vumilia.

Mambo ya nguo, mambo ya kusalimia shangazi na heshima, mambo ya kutosema sana mbele ya wageni, sitaandika. Una miaka kumi na saba. Kama haujui hayo sasa, nilikulea bure. Nataka kuandika kosa yangu, sababu watu watakuambia ni vita njo ilikufukuza Bunia, na weye utaitika kwa maana ni rahisi kuitika. Vita iko, ndiyo. Lakini vita haikujua uso yako. Miye njo nilipatia vita uso yako.

Nianze na nyumba. Unaijua, lakini uliijua kutoka juu, na mutu wa juu haoni yote.

Patron alipokimbia aliniachia funguo na neno moja: "Mama Veronika, chunga." Nilimufulia na kumupikia miaka makumi mbili, hakuwahi kuniambia asante, lakini siku ile aliniambia chunga, na miye mujinga nikasikia kama amenipa nyumba. Nikakuita uje tukae, kwa maana mama yako, mutoto yangu, homa ilimubeba ungali unanyonya, na baba yako alikuwa amepotelea kwenye barabara mwanzo ya vita. Kisha vita ikafika hapa Mudzipela. Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu ya kabila ya baba yako. Weye umefanana na baba yako. Hata ungevaa nguo ya sista, uso ni ya baba yako. Nikakupandisha kwenye plafon, kati ya mbao na mabati, na godoro na bido ya maji, nikakuambia: usikohoe, usipige chafya, usiishi.

Na weye ukapiga chafya! Siku vijana tatu walikuja kungoa mulango na mabati, unakumbuka. Mumoja akatazama juu, akaniuliza: "Mama, nani iko kule?" Nikajibu bila kufikiri: "Hakuna mutu. Ni wenye nyumba wa zamani, wenye walikufa. Hawapendi kelele." Na weye, bila kuambiwa, ukaburuta mguu kwenye mbao, pole pole, pole pole. Mulango wakauacha. Mumoja akaacha hata sandali yake. Ulicheka kule juu mpaka vumbi ikaniangukia kwenye nywele, na miye nikacheka, na nikajisifu. Nilisema, kumbe miye ni mwenye akili.

Kujisifu njo ilikuwa ugonjwa. Kama ningenyamaza, siku ingepita. Lakini nilieleza jirani, na jirani akaeleza soko. Watu wakaanza kuja. Mwanzo walikuja kusikiliza tu, wanasimama kwenye lupango, ndani ya uzio, wanashikana mikono kama batoto. Mutu mwenye kuona maiti barabarani kila siku, na bado anakuja kwangu kutetemeka sababu ya mbao kulia! Nilishangaa. Sasa najua. Waliona wafu wengi wenye hawasemi kitu. Walitaka mufu mwenye kusema.

Halafu wakaanza kuuliza. Na hapa, Bahati, nakuomba usiruke mustari.

Mama Zawadi alikuja na nguo ya mutoto wake mwenye alipotea, mukononi. Alipiga magoti kwenye sakafu ya sima, hakunitazama miye, alitazama plafon. Akasema: "Weye mwenye kuwa kule, kama Zawadi yangu iko muzima, gonga mara moja." Nilikohoa, ndiyo alama yetu. Ukakawia. Nikakohoa tena, na ukali. Ukagonga. Mama yule alibusu ukuta. Alibusu ukuta, Bahati, na midomo yake ikabaki na chokaa. Alipotoka ukashuka, ukaniambia: "Koko, tumemudanganya." Nikakujibu: "Tumemupa usingizi. Kipande ya usingizi ni mali kubwa siku hizi." Nilijiona nimesema neno ya hekima. Ilikuwa uongo yenye kuvaa nguo ya kanisa. Weye ulijua, ulikataa kula mangaribi ile, na nilikutukana juu ya chakula kupotea.

Basi, sifa ya nyumba ikafika kwa Fisto. Huyu kijana mwenye kamera, mwenye alikuwa anapiga vidio ya ndoa mbele vita ianze, na sasa iko na chumba ya kuonyesha vidio karibu na soko. Ndoa zilikwisha, akaanza kupiga mambo mengine. Alifika amechomeka shati, akanisalimia na mikono mbili.

"Koko, nyumba yako sasa inajaza watu kuliko kanisa."

"Kanisa haina padri tena. Unataka nini?"

"Nataka kupiga sauti ya mizimu na kamera. Lakini miye si mwizi wa sura ya watu. Kwangu hakuna kupiga bila ruhusa. Kuko karatasi."

Nilimupenda kwa neno ile. Niliona kijana mwenye adabu. Wengine wanakuja na kamera, wanapiga maiti, wanapiga mama mwenye kulia, hawaulizi hata jina yake, wanapanda gari. Huyu aliuliza. Na nilifikiri, kama mizimu inaonekana kwenye vidio, hata wale wenye bunduki wataogopa, hakuna tena wa kugusa mulango. Bahati yangu italala na amani. Nilifikiri hivyo kweli. Usiseme sikukufikiria. Nilikufikiria sana, ila sikukuuliza.

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, mistari kidogo kidogo kama siafu. Fisto akasoma mbio, akasema: "Ni ruhusa tu, Koko, ni mambo ya kawaida." Kisha akatoa kile kikopo ya wino. "Weka kidole hapa, kama bamama wengine."

Kidole! Miye, niweke kidole! Miye mwenye nilikaa na masista miaka tatu! Damu ilinipanda. Nikamuambia: "Mutoto, kidole ni ya kupima chumvi. Leta kalamu." Nikasinye: nikaandika jina yangu yote, na jina ya baba yangu, na nikaweka na musitari chini yake. Fisto akasema: "Eh, Koko, una maandiko kama ya mukubwa wa biro ya serikali!" Nilivimba kama chura.

Sikusoma kitu. Kifaransa sijui, unajua sijui. Na weye ulikuwa juu ya kichwa yangu, mikono mbili tu kutoka kwenye ile karatasi. Weye mwenye kusoma mpaka sekondari, mwenye kujua Kifaransa ya kuandika na ya kusema! Ningeweza kumuambia Fisto: rudi kesho, acha karatasi hapa ilale. Neno moja. Ungeshuka, ungenisomea. Lakini niliona haya kumuonyesha kijana yule kwamba siwezi kusoma yenye niko nasinye. Hii njo kosa, mbanda wangu. Watu watafikiri kosa ilikuwa mizimu. Hapana. Mizimu ilikuokoa. Kosa ilikuwa musitari nilipiga chini ya jina yangu.

Fisto akapiga vidio. Ulikwaruza mbao vizuri, ukalia kama pepo ya mulima, hata miye nywele ilisimama. Akainua taa yake kubwa kwenye pale mbao imeoza, karibu na dirisha. Sikuona kitu. Nilikuwa natazama kamera, sababu nilijua inanitazama na miye.

Siku ya kuonyesha, nilienda. Nilikaa mbele kabisa kama mama wa bibi arusi. Chumba ilijaa mpaka batoto walikaa juu ya batoto. Grupe ya kutoa umeme ilikuwa inanguruma inje. Nikajiona kwenye televizio, mufupi, na kitambaa ya kichwa imekaa vibaya, na watu wakapiga makofi. Kisha sauti yako. Kisha taa ikapanda kwenye mbao. Na pale, mbele ya watu wote, uso yako. Ulikuwa umegeuka sababu ya mwangaza kukupiga ghafula. Macho yote mbili, pua, ile alama ndogo kwenye shavu. Kuhesabu moja, mbili, tatu. Kisha ikaisha.

Watu walilia na furaha. "Mizimu ni mwanamuke! Ni kijana! Rudisha, rudisha!" Na Fisto akarudisha. Bahati, alirudisha, na ukatokea mara ya pili.

Njo Mama Zawadi alisimama. Hakupiga kelele kwanza. Alisema polepole kama mutu mwenye kusoma: "Lakini huyu ni Bahati. Bahati ya Veronika." Kisha akanigeukia. "Ni huyu njo alinigongea? Veronika, ni mujukuu wako njo alinigongea juu ya mutoto yangu?" Akaanza kulia ile kilio yenye siwezi kuandika. Usimuchukie. Hakutaka kukuuza. Alikuwa anarudisha mutoto wake kaburini na mikono yake mwenyewe, na jina yako ilikuwa kwenye njia. Lakini kwenye mulango kulisimama wawili na bunduki, walikuja kutazama vidio kama watu wengine. Walisikia.

Nilikimbia kwenye njia ya nyuma na hii magoti yangu, na siku ile ile tukakupeleka kwa Mama Jeanne, kati ya vitunga. Yenye ilifuata haujui, sababu sikukuambia. Nilikuambia "nitapanga". Sikupanga kitu. Sikiliza.

Nilichukua karatasi kwa Mwalimu Dezire. Alivaa miwani, akasoma mara mbili, akavua miwani. "Mama Veronika, hapa imeandikwa kwamba picha yote na sauti yote ya nyumba hii, na ya kila mutu mwenye kuishi ndani, ni mali ya mwenye kamera. Katika kila nchi. Siku zote. Anaweza kukata, kuunga, kuuzisha, kupatia mwingine."

"Na ya mutoto mwenye hakukubali?"

"Hapa chini. Imeandikwa mwenye kusinye anajibu kwa niaba ya watoto wa nyumba." Akaweka kidole kwenye jina yangu. "Umejibu, Mama. Na umejibu na maandiko mazuri."

Tukaenda kwa Fisto. Sikumutukana kwanza, shangaa weye. Nilimuomba. Nilisema: "Mutoto yangu, toa ile uso. Kata pale. Acha miye na kitambaa yangu, onyesha mizimu inalia, lakini toa uso."

Akainamisha kichwa. Si mutu mubaya, hii njo inaniuma, ningependa awe mubaya. "Koko, hii yenye niko nayo nitaikata leo. Mbele yako. Lakini kaseti nilizitoa kopi. Moja imeenda Mambasa, ingine Beni. Ingine kijana mumoja alibeba kuvuka mupaka, na yule naye anatoa kopi. Siwezi kuikamata tena."

"Si ni mali yako? Karatasi inasema ni mali yako."

"Inasema hivyo."

"Basi mwenye mali anashindwa kurudisha mali?"

Mwalimu Dezire akanishika mukono. Fisto alikata ile kipande na makasi, utepe ikaanguka kwenye sima, nyeusi, kama nyoka mudogo. Nikaiokota. Nikaitazama kwenye jua nikitafuta uso yako, hakuna kitu ilionekana. Utepe tu. Nikamuita mutoto wa mbwa, kisha nikamuomba samahani, kisha nikamuita tena. Nikarudi nyumbani. Nimepigana na njaa, na bibi wa pili wa babu yako, na patron wakati wa kikohozi yake. Sijawahi kupigana na kitu yenye haina mahali.

Sababu hii, usifikiri kule ngambo uko mbali na ile uso. Siku moja utapita kwenye chumba ya vidio, utasikia sauti yako mwenyewe inalia. Usisimame kutazama. Pita. Na kama mutu anakuja na kamera, hata kama ana adabu, hata kama ni mukwe wako, uliza: nani iko ndani ya picha? Waliulizwa? Itabaki kwa nani nikisema baadaye nimechoka? Na karatasi ilale kwako siku moja. Mutu mwenye kukataa karatasi ilale, anajua kuko kitu ndani. Siko nakufundisha, miye wa kufundisha nani. Niko nakuambia tu yenye nilipita karibu na sikushika.

Sasa niandike yenye nilianza barua juu yake, na nilizunguka kama kuku mwenye kutafuta pa kutaga.

Wale wawili walikuja juzi. Wakauliza: "Ule mutoto iko wapi?" Nikawaambia: "Nyinyi wenyewe mulimuona kwenye vidio. Ni muzimu. Mujukuu yangu alikufa mwanzo ya vita, akikimbia kwenye pori ya Mambasa, na roho yake ilirudi nyumbani." Nilijibu mbio, kama siku ya chafya. Mukubwa wao akacheka. Akasema: "Koko, mutu gani anakufa bila matanga? Uliza katriye mzima, mutaa yote. Hakuna mwenye alikuja kulia hapa. Hakuna mwenye alikula kwako. Tutarudi."

Alisema kweli. Mufu bila matanga ni mutu mwenye kujificha, kila mutu anajua.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Kesho ukiisha toka Bunia, nifanye matanga yako. Niseme kwanza nilijua kwa roho yako kurudi tu, na habari yenyewe ya kifo imenifikia sasa, na mutu wa njia ya Mambasa. Sasa hivi nusu ya matanga ya Bunia inaliwa bila maiti, hakuna mwenye atauliza mwili. Nitanyoa nywele. Bamama watakuja kulala chini na miye, wataimba, watataja jina yako. Ile uso kwenye kaseti itakuwa ya mufu, kila mahali itafika, na mufu hatafutwi. Hakuna njia ingine nimeona kuirudisha.

Lakini ujue bei yake. Ukifa hapa, hautarudi hapa, labda mpaka miye pia nife. Hautaniandikia, sababu barua ya mufu itaniua. Rafiki zako wa shule watakulia kweli, na hawatajua. Na Mama Zawadi atakuja, najua atakuja, ni mwanamuke mwenye moyo. Atakaa karibu na miye, atanishika bega, atanililia mutoto, yeye mwenye wake hajulikani. Nitamudanganya mara ya pili, na mara hii macho kwa macho. Sijui kama nitaweza. Nitaweza. Lakini sitasema tena ni hekima.

Ile siku ya karatasi nilijibu kwa niaba yako. Leo sijibu. Mama Jeanne atapita hapa alfajiri kuchukua mufuko yako, kisha atarudi kule uko na mutaondoka. Umupe jibu kwa mudomo, ndiyo ao hapana, usiandike kitu. Ukisema hapana, sitakasirika, ao nitakasirika lakini nitatii. Wale watu nitawajibu namna ingine, sijui namna gani. Ukisema ndiyo, kabla jua ifike juu ya soko, ungali kwenye barabara, utasikia, kama upepo ni nzuri, bamama wa Mudzipela wanaanza kulia.

Bahati yangu, unaruhusu Koko yako akuzike?